Barua ya wazi kwa wanaosimamia maonesho ya komiki: tujibuni mapema, na meza zetu msizisukumie ukutani

Wakubwa wetu mnaoandaa maonesho ya komiki, salamu nyingi kwenu na poleni na kazi, maana najua si mchezo kujaza ukumbi mkubwa namna ile na kila mtu akarudi kwake salama.

Nawaandikia kama mtu anayefanya kazi kwa mchapishaji mdogo wa komiki, wale ambao hawana kampuni mama nyuma yao, hawana filamu, hawana midoli, tunatoa vitabu vichache kwa mwaka na karibu kila riwaya ya picha mpya tunayoitoa, yaani hadithi ndefu ya komiki iliyofungwa kama kitabu, msomaji wa kwanza anaishika pale pale kwenye meza ndani ya ukumbi wenu. Nimeamua kuandika wazi kwa sababu tukiwaandikia kwa faragha tunajibiwa na ile mesenji ya mashine kwamba maombi yenu yamepokelewa, halafu kimya, kimya, kimya mpaka siku zimekaribia ndo mtu anatuambia kama tumepata meza au hatujapata.

Tunachoomba nakiweka hapa juu ili msome mkijua. Jibu la meza litoke mapema, miezi mingi kabla, mwaka mzima ikiwezekana, na tuoneshwe ramani ya ukumbi na mahali tutakapokaa kabla hatujatuma hela. Na bei ya meza ya mchapishaji mdogo iwe na hesabu yake, isipande tu kwa vile bei ya mabanda ya studio za filamu na kampuni za gemu imepanda. Basi. Yanayofuata yote ni kuwaeleza kwa nini, manake nahisi wengi wenu mnaona meza yetu kama sehemu ya kunogesha ukumbi, wakati kwetu ile meza ndo biashara yenyewe.

Riwaya ya picha haitoki kama gazeti. Mtu mmoja anakaa nayo miaka, kurasa 200, 300, kila ukurasa unapigwa penseli kwanza, halafu wino, halafu rangi kama ina rangi, halafu maneno kwenye viputo, na mara nyingi yote hayo ni mkono ule ule mmoja. Akimaliza yeye tunaanza sisi, kuhariri, kupanga kurasa, kukagua prufu, yaani kurasa za majaribio kutoka kiwandani, kurudisha prufu kwa sababu nyekundu imegeuka kahawia, kukagua tena. Na wachapishaji wengi wa aina yetu tunachapa mbali, China au Korea Kusini, kwa sababu ndiko unakopata rangi nzuri na jalada gumu kwa bei ambayo kitabu kinaweza kuibeba. Kutoka kiwandani ni kontena, ni meli, ni wiki na wiki baharini, halafu forodha, halafu ghala. Kwa hiyo kitabu mnachokiona mezani kwetu mwezi wa 7, faili zake ziliondoka mwanzoni mwa mwaka au kabla ya hapo. Sasa nyinyi mkitujibu miezi miwili kabla kwamba karibuni mmepata meza, sisi tumeshapanga tarehe kitambo kwa kubahatisha, na mkisema hamjapata, tunabaki na maboksi ya kitabu kipya ambacho hakina siku ya kuzaliwa.

Na hapo ni pale mambo yanapoenda sawa. Mwaka 2016 Fantagraphics, wachapishaji wa komiki wa Marekani, walikuwa wanasubiri kitabu cha kwanza cha Emil Ferris, My Favorite Thing Is Monsters, kimeshachapwa Korea Kusini na kimepakiwa melini, kampuni ya meli ya Hanjin ikafilisika huku mzigo uko njiani, meli ikazuiwa kwenye mfereji wa Panama na vitabu vikiwa ndani. Kilitakiwa kutoka Oktoba, kikatoka Februari 2017. Bahati nzuri kilikuwa kitabu cha ajabu, kikachukua tuzo ya komiki ya Ignatz mwaka huo huo na ile ya Eisner 2018, lakini fikirieni mchapishaji mdogo aliyeweka hela yake ya mwaka kwenye kontena moja anavyolala usiku. Bahari hatuiwezi, meli hatuziwezi, ila tarehe ya nyinyi kutujibu ipo mikononi mwenu kabisa.

Niwapeleke kidogo nyuma ya meza, maana mnapita pale na redio za mawasiliano mkononi mna haraka, hamjakaa.

Asubuhi kabla milango haijafunguliwa tunakata selotepu za maboksi kwa funguo, tunapanga vitabu vipya jalada likitazama mbele, vile vya zamani vinakaa kwa mgongo, maboksi yenye akiba yanaingia chini ya kitambaa cha meza na miguu yetu haina pa kwenda tena mpaka jioni. Kopi moja ya kila kitabu inatolewa kuwa ya kushikwashikwa, ifikapo siku ya mwisho kona zake zimejikunja na kuna alama ya dole gumba kwenye ukurasa fulani, siku zote ule ule, na sisi tunajua ndo ukurasa unaouza kitabu. Mwandishi anakaa mwisho wa meza, anajaribu kalamu zake kwenye ubavu wa boksi. Anakuja msomaji, hafungui mwanzo, anafungua katikati. Hapo unanyamaza, ukimrukia na maneno anaweka chini anaondoka. Anasoma ukurasa, anageuza, anasoma mwingine, anarudi nyuma kuangalia jalada, ndo anauliza hiki kinahusu nini, na una sentensi mbili tu za kumjibu, na kama ulizichagua vizuri anacheka au anakunja uso kwa kufikiri, halafu mwandishi anainua kichwa na msomaji anagundua kumbe mchoraji ndo huyu hapa. Akinunua anaulizwa jina lake linaandikwaje, na pale kwenye karatasi tupu ya mbele anachorewa mhusika mdogo kwa wino, dakika tatu, nne, wanaongea wanavyoongea, na nimeona watu wakilia pale kwa sababu kitabu kimegusa msiba wao au ukoo wao. Duka la mtandaoni haliwezi kumpa mtu hiyo, na sisi pia hatuwezi kuipata popote isipokuwa kwenye ukumbi wenu.

Sasa chukueni meza hiyo hiyo muiweke ukutani mwisho kabisa, njia ya kwenda vyoo. Au fanyeni kama tulivyofanyiwa kwenye maonesho fulani ambayo siyataji, tulilipia kona, kwenye karatasi ni kona nzuri, siku yenyewe tukakuta foleni ya watu wanaosubiri saini ya mwigizaji wa televisheni imepitishwa mbele yetu, kamba pande zote, mamia ya watu wametupa mgongo kwa masaa, na mtu mmoja mmoja aliyechungulia kitabu mlinzi anamwambia songa, hairuhusiwi kusimama hapa. Hairuhusiwi kusimama mbele ya meza ya vitabu! Mwandishi wetu alikuwa amesafiri kwa hela yake sehemu, amelala chumba cha watu watatu, amekaa kwenye kiti cha chuma siku nzima akichorachora kwenye boksi. Tulipolalamika tukaambiwa ramani inaweza kubadilika. Ndo maana nasema tuoneshwe kabla ya kulipa, na ikibadilika tuwe na haki ya kurudishiwa au kuhamishwa.

Nyuma ya haya kuna hela, acha niongee hela. Kitabu kikipita kwa msambazaji kwenda madukani, mchapishaji mara nyingi anabaki na kama asilimia 40 ya bei iliyoandikwa kwenye jalada, na humo alipe kiwanda, meli, ghala na mwandishi, na anasubiri miezi. Mezani tunapata bei yote, siku ile ile, mkononi. Hela ya mezani ndo inalipa bili ya kiwanda ya kitabu kinachofuata. Na msambazaji mwenyewe siku hizi nani amuamini? Januari 2025 Diamond Comic Distributors, waliokuwepo tangu 1982 na kwa miaka mingi ndo walikuwa mlango mkuu wa komiki kwenda madukani Marekani, wakaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Wachapishaji wengi wadogo walikuwa na vitabu vyao kwenye maghala yake kwa mali kauli, yaani vitabu bado ni mali ya mchapishaji mpaka viuzwe, na katikati ya mwaka huo likaingia ombi mahakamani la kuviuza vitabu hivyo hivyo ili kulipa wadai wa Diamond. Soma tena hapo. Vitabu vyako, ulivyolipia wewe kuchapa, vinataka kuuzwa kulipa deni la mtu mwingine.

Na si mara ya kwanza msambazaji kuanguka na kuwaangukia wadogo. 2002 msambazaji LPC alipofilisika, wachapishaji wadogo wa komiki Top Shelf nao wakawa wanazama, Chris Staros wa kampuni hiyo akaandika barua pepe moja kwa wasomaji akawaambia ukweli, nunueni sasa hivi au tunafunga, oda zikamiminika na wakapona. Mwaka uliofuata Fantagraphics nao wakawaomba wasomaji wao vivyo hivyo, wakajibiwa vivyo hivyo. Nikijiuliza ni msomaji wa aina gani anayefungua pochi saa ile ile kwa ajili ya kampuni ya vitabu, nawaza wale watu niliowaona mezani, aliyeshika mkono wa mchapishaji, aliyechorewa mhusika kwenye ukurasa wa mbele, anayejua nyuma ya ile nembo kuna watu wanne na maboksi. Mkituondoa pale ukumbini, siku msambazaji mwingine akianguka hatutakuwa na wa kumwandikia.

Na nyinyi wenyewe mmetoka hapo hapo. Comic-Con ya San Diego, Agosti 1970, ilikuwa watu kama 300 kwenye hoteli ya U.S. Grant, wapenzi wa komiki na meza za magazeti ya zamani. Leo inapita watu 130,000 na wapo humo wasiogusa ukurasa hata mmoja wa komiki kutwa nzima. Sina ugomvi na hao. Waje, wavae mavazi ya wahusika wao, wapige picha, nawapenda kiukweli, wengine wakichoka miguu wanaegemea meza yetu na ndo wanafungua kitabu. Ila wafike kwetu basi, njia iwepo.

Mnataka kujua meza ndogo inaweza kuleta nini ukumbini? 2015, San Diego hiyo hiyo. John Lewis, mbunge, mzee wa harakati za haki za watu weusi Marekani, aliyepigwa kichwani na polisi darajani Selma tarehe 7 Machi 1965, alikuja kusaini March, riwaya ya picha ya maisha yake aliyoitunga na Andrew Aydin, michoro ya Nate Powell, na waliotoa ni Top Shelf, hao hao waliobakiza kidogo wafunge 2002. Alivaa koti refu na begi la mgongoni kama alivyovaa siku ile ya Selma, akashikana mikono na watoto wa shule na wakaandamana naye kukatiza ukumbi mzima, mabanda ya filamu kushoto na kulia, watu wanajiunga nyuma. Hapakuwa na bango la studio lililofikia pale siku hiyo. Na mwaka uliofuata kitabu cha tatu cha March kikashinda National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu Marekani, riwaya ya picha ya kwanza kuipata. Aydin alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya Lewis na ni mpenzi wa komiki na wa haya maonesho tangu zamani, na Lewis ndiye aliyemwambia kuhusu kijitabu cha komiki cha 1957 kinachomhusu Martin Luther King na watu weusi wa Montgomery waliogoma kupanda mabasi, na hapo ndo Aydin akapata wazo la March. Yaani mstari wote ule, kijitabu, mpenzi wa komiki, mchapishaji mdogo, meza, ukumbi, tuzo. Toa meza hapo katikati uone kama kinabaki kitu.

Mtaniambia tunaota. Mbona wapo wanaoweza? Small Press Expo, maonesho ya wachapishaji wadogo kule Maryland, Marekani, wapo tangu 1994 na walipokuwa wengi kupita meza zilizopo wakaweka bahati nasibu, unajua siku ya kuomba, unajua siku ya jibu, ukikosa umekosa kwa haki. Tuzo yao ya Ignatz, kuanzia 1997, wanapigia kura wageni waliokuja siku hiyo na mshindi anapewa tofali, tofali la kujengea kabisa, kwa heshima ya yule panya wa George Herriman aliyekuwa anamrushia paka matofali. Nimeona mtu analishika lile tofali kifuani kama mtoto. Toronto nao, tamasha lao la komiki linaloitwa TCAF, tangu 2003, kuingia bure, na kwa miaka mingi walikuwa ndani ya maktaba kuu ya marejeo ya mji, mtu amekuja kusoma zake anajikuta katikati ya wachoraji. Hawana mastaa wa filamu wa kuvuta watu, wana vitabu, na watu wanajaa.

Najua jibu lenu pia, nimeshalisikia: ukumbi ni ghali, walinzi, bima, umeme, na wanaolipa ni wale wakubwa na foleni za saini za mastaa. Sawa. Chukueni hela yao, wekeni mabanda yao mlangoni, sijali. Lakini hao wakubwa wanakuja kwenu kutafuta nini kama si stori, na stori zenyewe zinatoka wapi, si kwa mtu aliyekaa miaka minne anachora bila kuagizwa na mtu? Mkipandisha bei ya meza mpaka mchapishaji anaona afadhali abaki nyumbani, atabaki kweli, na wa kwanza kubaki ni yule anayetoa kitabu cha kwanza cha mtu asiyejulikana, kwa sababu kitabu hicho hakiwezi kulipia safari. Tutaanza kuleta vile tu tunavyojua vitauzika, na huko ndo mtakuta ukumbi mzima una majalada yanayofanana.

Niseme na hili la Angoulême kule Ufaransa, na naliandika kwa uchungu maana ni tamasha la komiki lililoanza 1974 na limewabeba wengi. 2016 waliweka orodha ya majina 30 ya kuwania Grand Prix, tuzo yao kuu, na hakuna mwanamke hata mmoja, wachoraji waliokuwemo wakaanza kujitoa wenyewe, mpaka utaratibu wa kura ukabadilishwa. Halafu toleo la Januari 2026 likafutwa kabisa, baada ya waandishi kwa wingi na wachapishaji kususia namna tamasha linavyoendeshwa. Waandishi wa Ufaransa wana hoja nyingine pia ya siku nyingi, kwamba kukaa masaa unachorea watu vitabuni ni kazi na ilipwe. Mimi naiunga mkono, na wachapishaji wenzangu msijifiche nyuma ya barua hii, hilo linatuhusu sisi kabla ya waandaaji, chumba cha mwandishi na nauli yake visiwe msaada, viwe kwenye bajeti ya kitabu tangu siku ya mkataba. Nimeitaja Angoulême kwa sababu hakuna aliyetaka lifutwe. Malalamiko yalikuwepo miaka, yanajibiwa nusu nusu.

Mambo madogo nayataja haraka: kiti cha pili kwa kila meza, maji karibu, mlango wa kushushia maboksi ufunguliwe saa iliyoandikwa, na mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu tunayeweza kumpigia ukumbini badala ya kutafuta fulana ya rangi fulani kwenye umati.

Kama yote hayawezekani mwaka huu, anzeni na tarehe. Chagueni siku moja ya kutoa majibu ya meza, itangazeni, na muifuate. Sisi tuna kitabu, kurasa zaidi ya 300, cha mchoraji ambaye hajawahi kuchapishwa popote, sasa hivi yuko kwenye rangi za sura ya mwisho. Tunataka azindulie kwenye ukumbi wenu na tayari ameshaanza kuulizia kalamu gani nzuri ya kusainia kwenye karatasi ile nzito. Tumeshaomba meza. Tunahitaji jibu kabla faili hazijaenda kiwandani, kwa sababu zikishaenda tarehe haibadiliki tena.